Rangi ya Chumba cha Mwisho

Nyumba ninayopanga hapa Ggaba ni vyumba vitano kwa mstari, paa moja la mabati na veranda moja. Chumba cha mwisho anakaa mzee aliyestaafu jeshini. Ni mtu wa Lango, kule kaskazini, na watu wa Lango huku huitwa Langi. Sisi tunamwita Afande. Mimi nimetoka Kenya, nauza rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kabalagala, na ninapochanganya za wateja huwa nachagua pia za nyumba yangu ambayo sijaijenga. Sebule itakuwa ya manjano.

Mwenye nyumba ni mama wa Kiganda. Kwa ajili yangu huongea Kiswahili, Kiswahili chake mwenyewe. R kwake ni l, na kila kitu, mtu, mbuzi au sufuria, kinapewa "i": mzee imelala, sufuria imeungua.

Aliomba kibali cha ukarabati halmashauri ya jiji: paa jipya, rangi mpya, na chumba cha mwisho kiunganishwe na stoo iliyo ubavuni mwake, pawe choo na bafu. Afande hakuwa ameambiwa. Mama alisema atamwambia kibali kikitoka, akawa anaahirisha kama mtu anayeogopa kung'olewa jino. Afisa aliyekuja kukagua aliona stoo ina madebe ya rangi kuukuu, akatukataza kuimwaga mtaroni, kwa kuwa mtaro wetu unashukia ziwani.

Kesho yake tulikuwa nje tunaosha vyombo. Mama akaniambia kwa sauti yake ya sokoni:

"Ile langi imekaa sana kule mwisho. Imezeeka, inanuka. Lazima itoke mbele ya mafundi kuja."

Nikamjibu kama ninavyowajibu wateja: itiwe unga wa mbao, iachwe juani mpaka ikauke kabisa, halafu tuwape watu wa lori la takataka. Akauliza kama watakubali kuibeba. Nikasema wakipewa chai kidogo watabeba hata mbili.

Dirisha la Afande lilikuwa wazi.

Asubuhi tulikuta kitanda chake verandani, godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Yeye alisimama kando ya begi, viatu vinang'aa.

"Nnyabo," akamwambia mama, "kuhama nitahama kwa miguu yangu. Lori usiite."

Mama akanitazama. Nilichelewa kuelewa, kisha nikakimbilia stoo, nikaleta debe na kulifungua mbele yake.

"Afande, langi ni hii."

Akainama, akanusa. "Kweli inanuka," akasema, na aliyecheka kwanza ni yeye. Mama alicheka mpaka akakaa chini, akamtania kwamba sasa anajua jeshini alifundishwa kazi gani: kusikiliza wanawake dirishani.

Kicheko kiliisha, lakini Afande hakurudisha kitanda ndani. Akauliza mafundi watakifanya nini chumba chake.

Mama alifuta mikono kwenye leso, polepole.

"Kwa lamani," akasema, "iko choo."

Afande akaitikia kwa kichwa, kama aliyepewa amri anayoielewa. Alisema angependa tu kujua mapema, maana kwa umri wake chumba hakipatikani haraka. Wenye nyumba wanaogopa atawafia ndani. Aliyasema hayo kama anayetaja bei ya sukari.

Mama alishika godoro upande mmoja, mimi upande wa pili, tukalirudisha ndani. Begi Afande alilibeba mwenyewe, akaliweka nyuma ya mlango bila kulifungua.

Rangi tuliichanganya na unga wa mbao, ikakauka ikawa kama keki iliyoungua, lori likaibeba. Ramani ilirudi kwa mchoraji. Choo kikabanwa kwenye stoo peke yake. Mtu mnene ataingia kiubavu. Ramani ikibadilika, foleni inaanza upya, na mvua ilitukuta na mabati yaleyale ya zamani. Tuliweka mabeseni. Nilikuwa nalala kila usiku upande mwingine wa chumba.

Kibali kipya kilipotoka, mama alikwenda kumwonyesha Afande muhuri. Aliusoma mkono umenyooka, karatasi mbali na macho, akamrudishia. Mchana ule kamba yote ya nguo ilijaa mashati yake, makavu, yana mikunjo ya kukaa sana kwenye begi. Sisi tuliofua tulianika kwenye uzio.