Aliyebaki Kuangalia Nyumba

Mtaje Aikaeli mbele ya Watanzania wa Kilburn, huku kwa Waingereza, na mtu ataguna kwanza kisha aulize: safari hii amewapeleka wanawe wapi? Wanamcheka na kumwonea wivu kwa pumzi hiyohiyo. Mwanamke anayetoka gizani kwenda kuwaogesha wazee wa watu majumbani mwao, mume dereva wa basi, fleti ya kupanga juu ya duka la mazulia, lakini shule zikifungwa tu, utasikia wako Lisbon, mara wako Krakow, mara Geofrey kavunja miwani yake kwenye mnara wa sijui mfalme gani. Waliobaki wakitazama mvua dirishani husema ana pesa za siri.

Pesa za siri angezitoa wapi masikini wa Mungu? Alichonacho ni ubishi. Husafiri kwa basi la usiku, mayai ya kuchemsha kwenye begi, watoto wakizungushwa kwenye bustani za bure mpaka viatu viombe radhi. Na juu ya yote, hubadilishana nyumba. Kuna kundi la simuni la Waswahili waliotapakaa Ulaya, wengi wao hawajawahi kuonana: wewe unanipa funguo zako, mimi nakupa zangu, kila mmoja analala bure kwa mwenzake. Mkataba hakuna. Kuna mashuka safi, chumvi, sukari, na kumwamini Mungu.

Lakini kitu kimoja Aikaeli hakuwaambia hao wacheka watu. Kila safari ya Ulaya ilikuwa ni ya kufidia safari nyingine isiyowezekana. Nauli ya watu wanne kwenda Kilimanjaro hupaa mara tu kengele ya kufunga shule inapolia, na shule nayo haitaki kusikia habari za mtoto kukosa masomo. Basi akasema mwakani. Na mwakani ikazaa mwakani nyingine, hadi Geofrey akaingia sekondari na Angel akaota meno ya mbele, na bibi yao wa Machame hajamgusa hata mmoja wao. Yeye naye aliomba viza kuja huku, haikutoka. Aliomba tena, haikutoka.

Bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Ukimpigia kwa video anaiweka simu sikioni, nanyi mnabaki mkilitazama sikio lake. Watoto huinama, "Hi, Bibi," kisha haoo, wamekimbilia chumbani. Kiswahili wanakielewa, ila kukijibu ndiyo kazi, na Aikaeli ameshachoka kupiga kelele.

"Hao watoto wako wana midomo kweli?" Bibi alimwuliza siku moja.

"Wanayo, mama. Wanaona aibu tu."

"Mimi sitaki maneno yao. Nataka niwashike nyuso kabla sijaenda."

Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna Aikaeli akiwa kwenye treni, akiwa kazini, akimfunga kizee wa Kiingereza vifungo vya sweta. Aliogopa mama yake asije akafa kabla ya mwakani kufika.

Likizo fupi ya Oktoba alikubaliana na mama mmoja wa Kikongo, Mapendo, mzaliwa wa Bukavu anayekaa Liège kule Ubelgiji. Mapendo angekuja Kilburn na wanawe wawili, mvulana na msichana. Kina Aikaeli wangelala kwake. Asubuhi ya kuondoka, mabegi yakiwa mlangoni na Fanuel, mumewe, akitazama saa, Aikaeli alimpigia mama yake kuaga.

"Wote mnaondoka?" Bibi aliuliza. "Na nyumba mnamwachia nani?"

Kwao Machame nyumba haiachwi peke yake. Watu wakienda hata msibani, lazima abaki mmoja wa kuwasha moto, hata kama ni mgonjwa. Aikaeli, ambaye muda huo alikuwa amelikalia begi ili zipu ifunge, alijibu kama mtu anavyomkaribisha chakula mpita njia, akijua fika kwamba hatakuja.

"Tunakuachia wewe, mama. Karibu Kilburn, utuangalizie nyumba."

Nyuma ya Bibi walisikika kuku.

"Funguo zinakaa wapi?"

"Kwa jirani wa chini, Mama Bharti," akasema Aikaeli akicheka.

"Haya. Nitapiga hodi."

Fanuel alicheka pia. Wakashuka na mabegi yao, wakamwachia Mama Bharti funguo ampe Mapendo, wakakimbilia basi.

Liège iliwapokea vizuri. Walipanda ngazi zile ndefu za mjini, wakala chipsi kwenye karatasi, wakatembea kando ya mto mpaka Angel akabebwa. Ilikuwa likizo ya raha na ya bei ya kutupa, na Aikaeli alianza hata kupanga ya Pasaka. Ndipo Mama Bharti alipotuma sauti. Huyu ni Mhindi mzaliwa wa Mwanza, mjane, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha watu wengi.

"Wewe Aikaeli, mama yako amefika lini bila kuniambia? Namsikia juu, kila alfajiri anafagia. Ufagio wa kuinama ule, si mashine, mkono wa mama mtu mzima wa kwetu. Nimefurahi kweli, nilikuwa nimeisahau sauti hiyo. Mwambie ashuke tunywe chai."

Aikaeli aliisikiliza, akairudia. Nyumbani kwake kulikuwa na mashine ya kufyonza vumbi tu. Ufagio wa chelewa hajaushika tangu aje Ulaya.

"Mapendo kaja na ufagio wake," alisema Fanuel. "Wakongo kwa usafi hawana mchezo."

Jibu lilikuwa na akili, naye akalipokea. Lakini hata hivyo akapiga simu Machame. Alipokea Gladness, mke wa kaka yake, anayeishi na Bibi.

"Mama amelala, wifi."

Kesho yake mchana akapiga tena. Mama amelala. Jioni, mama amelala. Siku iliyofuata sauti ya Gladness ilikuwa laini kupita kiasi, ikamuuliza habari za Ubelgiji, na watoto, na hali ya hewa, na mama bado alikuwa amelala. Mzee hulala, Aikaeli akajiambia. Hakulala yeye.

Walirudi Kilburn Jumapili mchana. Mapendo alikuwa bado hajaondoka, basi lake lilikuwa la jioni. Akawafungulia mlango, mwanamke mnene wa uso mchangamfu, kitenge kiunoni, wakakumbatiana kama ndugu waliopoteana. Wanawe walikuja mmoja mmoja, wakasalimia kwa mikono miwili. Geofrey na Angel walisema "Hi" na kupita. Aikaeli aliona haya.

Fleti iling'aa. Ilikuwa na harufu ambayo hakuitarajia, ya majani ya ndizi yaliyopitishwa motoni, na kiti kimoja cha jikoni kilikuwa kimegeuzwa kuelekea mlango wa kuingilia. Aikaeli alikitazama kile kiti. Nyumbani mama yake huketi hivyo, akiulinda mlango.

"Aksanti sana, dada," alisema Mapendo. "Lakini haukutuambia kama mama yako eko mu nyumba."

"Mama yangu?"

"Siku ya kwanza tulishituka kidogo. Tulimukuta ameikala pale." Akakionyesha kile kiti kwa mdomo. "Lakini eko mama muzuri! Asubui anafagia, hasemi mingi. Chakula tunamupa, anasema ameshiba. Na kulala, sijamuona kulala hata siku moja."

Fanuel aliweka begi chini polepole. Alimtazama mkewe, na mzaha ukamkauka mdomoni.

"Yuko wapi sasa?" Aikaeli aliuliza. Sauti aliyoisikia haikuwa kama yake.

"Ametoka asubui na mapema. Alisema safari yake eko mbali, hawezi kuwangojea." Mapendo alimvuta bintiye aliyekuwa akivaa koti. "Huyu alikuwa anakohoa vibaya. Mama akamusugua kifua na mukono yake, akamufunika, kikohozi ikaisha. Anawashika watoto sura, hivi, hivi. Huyu anamuita Angel. Uzee, ndiyo ile. Nikamwambia mutoto, itika tu, usimukatale muzee."

"Na alikuwa anaongea nao?"

"Sana! Anawauliza, wanamujibu. Alifurahi mupaka akalia."

Aikaeli alikaa chini, ila si kwenye kile kiti. Angetaka kumwambia Mapendo kwamba mama yake hajawahi kupanda hata ndege ya kwenda Dar, kwamba viza haikutoka, kwamba mwanamke yule haoni hata njia ya kwenda kanisani pasipo kushikwa mkono. Lakini utamwambiaje hayo mtu aliyelala na wanawe humu wiki nzima? Alimpa Mapendo maandazi ya njiani. Akamshukuru. Fanuel akawasindikiza kituoni, na mlango ulipofungwa Aikaeli akapiga simu Machame.

"Mama hajambo sasa," alisema Gladness.

"Sasa? Kwani alikuwaje?"

Kisha Gladness akaanza kulia, na maneno yakatoka yote kwa mpigo. Siku ileile waliyosafiri, Bibi alilala mchana na hakuamka. Alipumua tu. Daktari alikuja, mchungaji alikuja, kaka akaanza kuulizia turubai na viti. Na wote walikubaliana Aikaeli asiambiwe mpaka arudi kwake, maana mtu aliye safarini hapewi habari kama hizo.

"Hatukutaka kukuharibia likizo, wifi. Na leo asubuhi kafumbua macho tu, akaomba uji. Kauliza viatu vyake viko wapi."

"Nipe nimsikie."

Simu ilisuguana na nguo. Kwenye kioo likatokea lile sikio.

"Mama."

"Mwanangu. Nimechoka, njia ni ndefu." Sauti ilikuwa dhaifu lakini ilikuwa na raha ndani yake, raha ambayo Aikaeli hakuwa ameisikia tangu baba yake afe. "Nyumba yenu ni ndogo. Lakini nimewaona. Nimewashika nyuso wote wawili."

"Mama..."

"Nilikuwa nakulaumu, Mungu anisamehe. Nikisema Aikaeli kazaa Wazungu. Kumbe umewalea! Wananishika miguu, wananiamkia. Wana Kiswahili kingi, cha ajabuajabu kidogo, nikajua ndicho cha huko. Na Angel kifua chake mimi nimekitengeneza, usimpe tena maji baridi."

Aikaeli alifumba macho. Woga uliokuwa umemkaba tangu mlangoni ulimwachia, na mahali pake pakaingia kitu kibaya zaidi, huzuni ya mtu aliyechelewa mlangoni kwake mwenyewe. Mama yake alikuwa amekuja. Alivivuka vyote, bahari na mipaka na viza, akapiga hodi Kilburn, na siku hizo wajukuu zake walikuwa wakila chipsi Ubelgiji kwa kuwa huko ni rahisi.

"Mama, sikiliza. Desemba tunakuja. Wote wanne. Nitakopa, shule waseme watakavyosema. Tunakuja."

"Mje mfanye nini?" Bibi alicheka kidogo, akakohoa. "Hiyo nauli wasomeshe watoto. Mimi nilichokitaka nimekipata. Sasa hata nikiitwa, naitika."

"Usiseme hivyo! Hao uliowaona..." Akasita. Amwambie? Amnyang'anye mgonjwa furaha aliyoifuata mbali kiasi hicho? Asipomwambia, mama yake ataondoka duniani akiwa amewabariki watoto wa Mapendo, na wake watabaki hivihivi. Alijikuta amesimama, anamwita Angel kwa sauti kali kuliko alivyokusudia.

Angel alikuja na soksi moja mguuni.

"Msalimie Bibi. Vizuri. Kwa Kiswahili, tafadhali mwanangu, kwa Kiswahili."

Mtoto aliona uso wa mama yake ukiwa umelowa, akaogopa, akaishika simu na kujitahidi kwa moyo wake wote. "Shi-ka-moo, Bibi," alisema. "It's me. It's Angel."

Lile sikio likaondoka kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza uso mzima wa Bibi ukatokea, macho yake meupe yakitafuta.

"Gladness," akasema Bibi, "huyu ni mtoto wa nani?"

"Ni Angel, mama. Mjukuu wako."

"Angel nimemwacha asubuhi, nimemjua kwa mikono yangu. Huyu simjui." Kisha, kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgeni aliyekosea nyumba: "Wewe ni wa nani, mama? Umepotea?"

Angel alielewa. Aliishusha simu taratibu, akamgeukia mama yake, akangoja amjibie.