Pumzi ya Kuazima

Concessa alipolazwa chali, mikono juu ya kichwa, apigwe picha za kifua, jambo la kwanza alilofanya ni kudanganya.

Hakudanganya kwa mdomo. Mama huyu, aliyesafisha sakafu za uwanja wa ndege miaka saba bila kuokota hata kalamu ya mtu, alidanganya kwa mapafu. Nesi alimwekea kiboksi chepesi tumboni, kinachopanda na kushuka na pumzi yake. Mkalimani, Roselyn, dada wa Kikenya mwenye sauti ya kwaya, akamfasiria: "Mama, wanasema upumue tu kawaida yako. Wanataka kuona huo uvimbe wa kwenye pafu unatembea vipi ukipumua, ndio wapange mionzi ipite wapi."

Kawaida! Kawaida yake ilikuwa pumzi fupi, yenye mluzi, inayokatika katikati kama uzi uliooza. Basi akaimeza kawaida yake, akavuta pumzi ndefu ya msichana anayepanda kilima na kuni kichwani. Akashusha. Akavuta tena. Machozi yalimlenga, kikohozi akakibana kwa meno. Mashine ikanguruma, ikachukua picha zake, na nesi akasema "Bra," yaani vizuri kwa Kiswidi, neno ambalo halitaki mkalimani.

Sasa usimcheke, sikia kwanza. Mwaka 2003, kambini Tanzania, Warundi waliongojea kupelekwa Ulaya walipigwa picha ya kifua kabla ya safari. Concessa na mdogo wake Denise walisimama mstari mmoja, wamevaa kitenge cha rangi moja. Picha ya Concessa ikapita. Ya Denise ikaonekana na doa. "Huyu asubiri," wakasema. Concessa akapanda ndege na binti yake Belyse. Denise akasubiri, na masika ya pili yakamkuta kaburini. Tangu siku ile, kwa Concessa, picha ya kifua ilikuwa mtihani, na anayeanguka huachwa.

Shemeji yake Térence naye alikuwa amemwaga petroli motoni. "Shemeji, hawa hawapotezi dawa kwa mtu aliyekwisha. Waoneshe kifua kingali hai!"

Akawaonesha. Baadaye, Concessa akifunga vifungo vya blauzi, Roselyn akamwambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Wataalamu watakaa na hizi picha kama wiki moja hivi. Watachora njia ya mionzi kufuata vile umepumua leo. Kisha utakuja kila siku ya kazi, wiki sita, unalala vilevile, unapumua vilevile."

Concessa akakiacha kifungo nusu. "Na nikipumua vingine?"

"Aa, mama! Utapumuaje vingine? Pumzi si ni yako?"

Nyumbani Märsta, mji ulio karibu na ule uwanja wa ndege, hakulala usingizi wa maana. Kila alipofumba macho aliona mionzi ikiingia pale alipowaelekeza, ikiunguza nyama nzima, huku uvimbe umekaa pembeni, salama, ukiitazama. Kusema? Wataambiana ni mwongo, wafute jina. Kunyamaza? Basi ajifunze kuwa yule msichana wa kuni.

Belyse, sasa wa miaka kumi na sita, alirudi kutoka shuleni akamkuta mama yake amelala kwenye sofa, kopo la majani ya chai juu ya tumbo. Kopo lilipanda, likashuka. Likapanda. Mara ya nne likabingirika, chai ikamwagika zuliani, na Concessa akakohoa hadi akakaa kitako.

"Unafanya nini?" Belyse aliuliza kwa Kiswidi, kama kawaida yake.

"Mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya kupumua."

Binti akacheka, kisha akaacha. Akaanza kuokota majani ya chai, na safari hii akasema Kiswahili. "Kwani walikuambia upumue kama nani, mama?"

Concessa akalirudisha kopo tumboni.

Siku ya mionzi ya kwanza ikafika. Akalala chali. Wakamweka sawa kwa kufuata vidoa vya wino walivyomchoma ngozini siku ile ya picha, vidogo kama punje za pilipili manga. Wakatoka wote. Mlango mzito ukajifunga, akabaki peke yake na mashine. Akavuta pumzi ndefu. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ikakataa katikati, kama kopo lile, na Concessa akaona kifo chake kinapangwa vizuri, kwa mkono wake mwenyewe. Akapunga mkono mbele ya kamera waliyomtazamia.

Wakaja mbio. Roselyn akainama. "Ni nini, mama?"

"Waambie picha zile si zangu."

"Si zako? Ni za nani?"

"Kifua ni changu. Pumzi niliazima."

Roselyn akafasiri. Nesi akaita daktari. Wakazungumza sana, na Concessa alisoma nyuso zao kama alivyosoma zile za kambini. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekasirika pia, na hilo lilimtisha zaidi.

"Leo hakuna mionzi," Roselyn akasema. "Wanarudia picha sasa hivi. Halafu utasubiri siku kadhaa, wachore mpango mpya."

Kusubiri. Ndilo neno aliloambiwa Denise. Akaukamata mkono wa Roselyn hadi kucha zikazama. "Jina langu wamelifuta?"

"Jina liko, mama. Liko hapo kwenye karatasi, naliona. Daktari anasema bora umesema leo kabla hawajaanza."

Kiboksi kikarudi tumboni. Concessa akaitafuta ile pumzi yake aliyoificha, fupi, yenye mluzi, pumzi ya kuaibisha. Akaiachia itoke mbele ya watu. Kiboksi kilitikisika kidogo tu. Kikohozi kikaja, naye hakukibana. Wakangoja kipite, wakaendelea.

"Bra," nesi akasema.

Safari hii Concessa hakuliamini neno hilo hata chembe; hata pumzi ya kuazima ilisifiwa vivyo hivyo. Alibaki amelala, mikono juu ya kichwa kama alivyoambiwa, akipumua pumzi yake fupi. Kwenye karatasi mpya ya miadi waliyomletea baadaye alitafuta jina lake kwanza, kabla ya tarehe.