Gemu ya Zamani na Dada wa Magomeni

Leo nimemnyamazisha mtu mbele ya banda zima la gemu!

Kampuni iliyotengeneza ile gemu ya ngumi tuliyocheza utotoni inaadhimisha kumbukumbu ya kuzaliwa kwa gemu hiyo dunia nzima. Kaka Hamisi, mwenye banda letu hapa Magomeni, Mtwara, akaiwasha ili nasi tusherehekee.

Nikaomba pedi ya kuchezea.

Jamaa mmoja akacheka. "Dada, hii historia ya wanaume. Nyie mlikuwa jikoni."

Jikoni? Mimi niliyechapwa na mama kwa kutoroka kwenda kucheza?

"Kaa tucheze," nikamwambia.

Nikamtandika kwenye gemu, nikiwa nimevaa baibui langu. Akadai pedi yake mbovu.

Tukabadilishana.

Nikamtandika tena! Banda likalipuka kwa mbinja.

Dada zangu mliochapwa kwa ajili ya gemu, jitajeni hapa. Sherehe hii ni yetu pia.