Sauti Nyuma ya Pazia la Mama Kulwa

Sikulazimishi uamini. Lakini banda la video la Mama Kulwa lipo mpaka leo kule Mabatini, mwenyewe yupo, na haya ninayokusimulia tuliyasikia mimi naye mchana kweupe.

Nilikuwa nasoma chuo hapa Mwanza. Kwenye somo la historia ya filamu, mwalimu alitugawia kila mmoja filamu ya zamani ya nje, uitazame kisha uwaeleze wenzako. Yangu ilitoka nchi ya theluji huko, nyeusi na nyeupe, lugha yake sijui hata salamu, na maandishi ya chini hakuna. Mwalimu alisema kuna watu hukusanyika kila mwaka kuitazama kama wanakwenda kanisani. Mimi niliona balaa tu. Kompyuta yangu ilikuwa imekufa, nikapeleka flashi kwa Mama Kulwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Weka kabla watu wa mpira hawajajaa. Ila mtafsiri anaumwa, leo utatazama hivyohivyo."

Mtafsiri unamjua: yule anayekaa nyuma ya pazia na maiki, anageuza Kichina kuwa Kiswahili na kuwabatiza waigizaji majina ya kwetu. Baba yangu alifanya kazi hiyo, humohumo. Kila steringi wa kike alimwita Vero, jina la mama yangu, mpaka mtaa mzima ukawa unamtania mama. Nikiwa darasa la pili alivuka ziwa na jenereta kwenda kuonyesha video visiwani, hakurudi. Mwili haukuonekana. Mama alikataa msiba. Kila usiku aliacha mlango bila komeo, eti baba asije akafika akakuta kumefungwa. Wezi walishatuingilia, bado hakufunga.

Filamu ikaanza. Mwanamke yuko kwenye nyumba kando ya ziwa lililoganda, anamsubiri mumewe. Alipofungua mdomo, sauti ya mwanaume ikatoka kwenye spika: "Vero huyo, hajala tangu asubuhi."

Niamini, ilikuwa sauti ya baba. Ungekuwa wewe, ungeisahau sauti ya baba yako?

"Huyu DJ mpya anajua!" alisema jamaa mmoja aliyewahi mpira. Mama Kulwa alikuwa ameshika nguzo ya mlango, machozi yanamtiririka. Sikuogopa. Nilitamani tu filamu isiishe.

Mwishoni yule mwanamke anasimama mlangoni, anatazama barafu. Kimya kirefu, mdomo ameufunga. Hapo sauti ikasema taratibu, "Vero, funga mlango. Ziwa lilinichukua siku ileile. Nilishafika, mama watoto. Lala."

Mama Kulwa akavuta pazia. Kiti kilikuwa kitupu, na maiki imo kwenye mfuko wake kama mtafsiri alivyoiacha.

Jioni nilimweleza mama. Aliinuka, akatia komeo, akakaa chini sakafuni, akalia kilio alichokizuia tangu nikiwa mtoto. Ndugu walikuja toka Ukerewe, tukakaa matanga. Siku hizi analala mpaka jua linatoka.

Darasani mwalimu, aliyewahi kusoma nchi ile, alishangaa nimepatia maneno yote. "Ila pale mwisho hawasemi kitu," akaniambia. "Hayo ya mlango umeyatoa wapi?"

Kwa hiyo wewe mpenda mabanda ya video, cheka, piga miluzi, sawa. Lakini siku ukisikia mtafsiri anaongea huku midomo ya waigizaji imefungwa, nyamaza. Hapo hatafsiri tena. Anaongea na mtu aliyemo humo ndani, na mtu huyo huenda ni wewe.