Zamu ya Figo

Binti yangu, mtoto wangu wa kwanza, figo zake zilikufa zote mbili. Hospitali kubwa ya mjini wakawa wanamsafisha damu kwa mashine kila wiki, halafu daktari akatuambia kwamba mashine si makao. Atafutwe ndugu wa damu amtolee figo moja. Mimi walinikataa palepale kwa uzee. Baba yao tulishamzika. Wakabaki wadogo zake wawili, wanaume, wote wamenyonya ziwa hilihili.

Majina sitayaandika. Ninayo yote kichwani, hata ya ng'ombe tuliopokea mahari, ila wenyewe wako hai na wana watoto wanaojua kusoma.

Mkubwa kati ya hao wawili ana karasha la kusaga mawe ya dhahabu pale Runzewe. Mdogo anachoma. Wachimbaji wanamletea donge la zebaki lenye dhahabu ndani, analiweka kwenye kikaango, moshi unapanda, dhahabu inabaki. Kazi hiyo anaifanya tangu hajaota ndevu.

Pale hospitali tuliwakuta watafiti wa chuo. Msichana mmoja akanipa shikamoo, nikaitikia, akanieleza polepole kwamba wanachunguza watu wawili wanavyoamua, mmoja akiwa hajui mwenzake anawaza nini, hasa pale ndugu anapotakiwa kutoa kitu cha mwilini. Akasema hayahusiani na matibabu, ni mchezo tu. Wanangu wakakubali kwa sababu kulikuwa na zawadi ya sukari.

Waliwekwa vyumba viwili. Mimi nilikaa kwenye benchi la katikati, milango wazi, nawaona wote, wao hawaonani. Mmoja akinyanyua kadi, wote wawili wanapata sukari, ila aliyenyanyua anakatwa nusu ya yake. Asiponyanyua yeyote, wote wanakosa. Kisha mchezo unarudiwa.

Mwanzo walikaa kama mawe. Kila mmoja alikuwa anangoja mjinga awe mwenzake, na sukari ikawapita. Baadaye mkubwa akanyanyua kwa hasira. Mara iliyofuata akanyanyua mdogo, kisha mkubwa tena, wakawa wanapokezana kama wanawake wawili kwenye kinu kimoja. Msichana alifurahi.

"Bibi, watoto wako wanaelewana."

"Kwa sukari, ndiyo," nikamjibu. "Na kama mtu hana mwenzake wa kumtegea?"

"Hapo mchezo umekwisha, bibi. Atatoa mwenyewe au wote wakose."

Wakafunga mchezo, na aliyenyanyua mwisho alikuwa mkubwa.

Jumapili baada ya misa tukakaa uani kwangu: mimi, wao wawili, mke wa mkubwa na mjomba wao. Mgonjwa, aliyerudi kwangu kuuguzwa, alikuwa ndani, pazia la mlango limeshushwa.

Mjomba akauliza, "Haya, nani anakwenda kupimwa?"

Mkubwa akajibu haraka, kama aliyekariri njiani. "Kule hospitali tulikuwa tunapokezana. Nani alinyanyua mwisho?"

"Wewe," mdogo akasema.

"Basi zamu ni yako."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Yaani mnaanza kuhesabu kwenye sukari?"

"Mjomba, utaratibu ni utaratibu."

Mdogo akamgeukia. "Kaka, mkeo ulimwoa kwa ng'ombe wa nani? Wa dada. Alipoolewa, wale ng'ombe hawakumaliza hata msimu mmoja zizini kwetu, wakaenda kwa wakwe zako. Mimi nimeoa kwa moshi wangu mwenyewe. Kama ni kupokezana, tuanzie hapo."

"Ng'ombe walikuwa wa baba."

"Kwani baba ndiye aliyeolewa?"

Mke wa mkubwa akaacha sufuria aliyokuwa anaisugua. "Shemeji, usiniingize. Mume wangu akipasuliwa, karasha utaliendesha wewe?"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Ongezeni sauti. Mnavyonigawana nataka nijue paja limekwenda kwa nani."

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyejitolea. Wakatawanyika, binti yangu akaendelea kuvimba uso.

Mwishowe aliyekwenda kupimwa ni mdogo. Nilimwombea njia nzima. Akarudi anatafuna muwa, amechangamka.

"Mayu," akasema, maana mama kwetu ni mayu, "wamenikataa. Mkojo wangu una protini. Daktari anasema zebaki imeanza kuzila figo zangu, niache kuchoma."

"Na unacheka?"

"Nimekwenda, mayu. Si nimekwenda?"

Baadaye nikaambiwa kwamba mchomaji mwenzake alishamdokeza: mtu wa zebaki hachukuliwi. Mwanangu alikwenda kukataliwa. Alipewa habari ya kifo chake mwenyewe akaipokea kama ruhusa ya kutoka shuleni.

Habari ilipofika Runzewe, mkubwa akawa hana tena wa kumtegea. Alikuja asubuhi, hakukaa hata kwenye kigoda. "Haya, wakate," akasema. Wakampima, ikakubali, wakakata.

Binti yangu anaishi. Anakojoa, jambo ambalo zamani sikujua kama ni neema. Lakini mkubwa hamwachi kwa maneno. Kwenye harusi ya mjukuu wangu alimnyooshea kidole mbele za watu: "Huyo msimpe bia, mtaniharibia figo yangu." Watu wakacheka. Binti yangu akacheka nao, kisha akaenda nyuma ya nyumba, nikamfuata.

"Mayu, siku nyingine natamani niikojoe nimrudishie."

Nikamwambia saa ya dawa imefika, anywe.

Mdogo hakuacha kuchoma. Mwaka huu ameanza kuvaa mabuti ya mvua kiangazi chote, anasema anaogopa nyoka. Siku moja tuko kwenye chakula, kaka yake akayatazama yale mabuti, akachota mboga, akasema, "Mimi nimebaki na moja. Usiniangalie."

"Nani kakuangalia?"

Wakaendelea kula.

Jioni mdogo akija kwangu anayavua uani, akidhani macho yangu hayafiki. Ukibonyeza kifundo cha mguu wake, shimo la kidole linabaki palepale. Namtengea maji ya uvuguvugu, na mboga yake siitii chumvi, kama ya dada yake, naye ananung'unika kwamba uzee umenisahaulisha kupika.