Filigisi ya Siku ya Uchaguzi

Juzi kwa harusi niliona mwanamuke akimupakulia shemeji yake filigisi ya kuku, nikakumbuka siku ya uchaguzi kwetu Kasongo, Wabelgiji wangali wanatawala.

Baba mudogo alikuwa anatafutia kura chama chake, chama cha kutaka tubaki karibu na Ulaya. Majuma mengi mama aliwapikia wageni wake. "Shemeji, kura yako ndiyo itatushindisha," baba mudogo alimwambia mama kila mara.

Siku ile mama alivaa kikwembe kipya, tukaenda naye. Mulangoni polisi alicheka: "Mama, rudia kwa vyungu vyako. Wanaume tu ndio wanachagua."

Baba mudogo alikuwa pale pale. Aliangalia viatu vyake. Leo najua alijua tangu mwanzo.

Muchana alikuja kula, nyumba yote ikinuka mawese. Kwetu filigisi ni ya mwanaume. Mama aliitoa mu sahani ya shemeji yake, akaitafuna mbele yake, polepole, mpaka tukasikia meno.

"Shemeji, ile iko yangu!"

"Na kura yangu iko wapi?"

Mimi nilizani mama alikuwa na njaa tu.