Kabuti la Mahari

Shule nilisoma madarasa mawili tu, na nyumba zangu za Buswelu hazijawahi kuniuliza cheti. Kwa hiyo nikisema mwili wa mzee ni mwongo, maneno hayo sikuyasoma popote. Unampigia kelele za baridi wakati baridi haipo, na joto likija kumuua unanyamaza.

Ujanani nililijua joto. Nilikuwa nabeba marobota ya pamba kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba kando ya ziwa, enzi za mkoloni. Kiangazi kikikolea, bati la paa lilikuwa likilia. Jasho linatutoka mpaka kaptula zinakamulika, tunakunywa maji kama ng'ombe, jioni tunacheza mpira. Kipupwe nacho nilikuwa naoga ziwani alfajiri. Nilidhani mwili huo nimepewa moja kwa moja.

Nikaposa. Habari ya ng'ombe tulielewana upesi, lakini babu yake binti akataka na kabuti la sufu, kama la askari waliotoka vitani. Ilikuwa mwezi wa kumi, mawe ya Mwanza yanachoma nyayo. Nikacheka mbele yake. Hakukasirika, maana babu na mume wa mjukuu ni watani.

"Umri wangu utaufikia, mwizi wa mke wangu," akaniambia. "We leta kabuti."

Nikapeleka. Tangu siku hiyo hakulivua. Kipupwe alifunga vifungo vyote. Kiangazi alifungua kimoja, kwa ajili ya joto.

Siku ya Uhuru tulijazana uwanjani, karibu na ziwa. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, na jua likatoka na hasira. Wazee walipewa mabenchi ya mbele kwa heshima. Kivuli walipewa wageni rasmi. Babu alifunga vifungo vyote, maana siku ilikuwa kubwa. Mke wangu alipompelekea maji, alisema hana kiu, apewe yule mwizi anayevuja kama mtungi mbovu.

Baadaye nikapita kumsalimia. Kabla sijafungua mdomo, akaniinamia.

"Shikamoo, baba."

Benchi zima likacheka. Na mimi nikaona ni utani, nikaitikia marahaba, nikamuuliza kama ng'ombe hawajambo. Yeye hakucheka. Akaniamkia tena. Hapo nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto kama bati la jineri, mkavu, hauna hata tone la jasho.

Nikashika kola nimvue. Mzee wa pembeni akanigonga mkono kwa fimbo.

"Kijana, unamvua mkweo mahari hadharani? Ukilichukua hilo, na binti yetu umemwacha hapa hapa."

Wenzake wakaafiki. Nikawaambia mtu anakufa. Wakasema mzee akivaa vizuri hafi. Nchi nzima ilikuwa inapata uhuru wake, na mimi nilikuwa karibu kupata wangu bila kuuomba. Mke wangu alisimama nyuma yao, mikono kichwani.

Nikalitazama kabuti, nikalitazama ziwa. Nikajitwika babu mgongoni kama robota, na kabuti lake, wazee wakinifuata kwa fimbo na maswali. Nikamkalisha majini, yakamfika kifuani, nikawa namwagia kichwani kwa viganja. Ile sufu ilikunywa maji kuliko sisi sote. Uwanjani bendi ilikuwa inapiga, sikuona kitu.

Nikaanza kumwamkia. Shikamoo, babu. Kimya. Shikamoo, babu. Kimya. Wazee wakashusha fimbo. Nikaendelea, sauti inanikauka, mpaka akafumbua macho, akatazama maji, akanitazama mimi.

"Marahaba," akasema. "Mwizi wa mke wangu, umelowesha mahari. Utaleta lingine."

Nikaleta, bila ubishi.

Sasa umri ule nimeufikia na kuupita. Mwezi wa kumi nakaa barazani na sweta, wajukuu wako vifua wazi, wananicheka. Kipupwe nalala na soksi, mimi niliyeoga ziwani alfajiri. Jasho limenihama kama mpangaji asiyeaga.

Mchana mke wangu huniletea kikombe cha maji. Juzi nikamwambia sina kiu. Akanishikisha kikombe mkononi, akasimama pale pale.

"Kunywa," akasema. "Ziwa liko mbali na hapa, na mgongo wa kukubeba mimi sina."

Nikanywa. Sweta sikuvua.